Pasi ya Nyumba ya Saba

Wewe uliye na mama anayeishi peke yake, na wewe mama unayejikaza kimya ili usimsumbue mwanao, habari hii ni yenu nyote wawili. Isomeni mpaka mwisho, halafu kila mmoja aangalie mlango wake.

Palikuwa na mtaa wa nyumba arobaini na moja, uliochoshwa na umeme wa kukatika. Unapiga pasi upande mmoja wa shati, upande wa pili unauvaa na makunyanzi yake. Watu wakakaa vikao mpaka wakachokana sura. Wakagombana, wakasuluhishana, mwisho wakakubaliana kuweka mitambo ya jua yao wenyewe. Paneli zikafungwa juu ya paa la ghala la zamani mwisho wa mtaa, betri zikapangwa ndani, nyaya zikavutwa nyumba hadi nyumba. Siku ya kwanza Kinyozi, mtu asiyekosa neno, alisimama mbele ya kibanda chake na mashine mkononi, akapaza sauti: "Leteni vichwa! Leo nanyoa kwa jua!"

Lakini jua lina saa zake, na betri nazo zina kiasi chake. Zikikombwa mpaka chini, hakuna wa kuzibembeleza. Ndiyo maana mtaa ukaweka utaratibu wa bendera. Ikipandishwa ya kijani kwenye mlingoti wa ghalani, jua limeshiba: piga pasi, vuta maji kwa pampu, saga, shona. Ikipanda ya njano, ni taa, redio na simu tu, pamoja na mashine ya kutotolea ya Mama Vifaranga, iliyopewa ruhusa na kikao kwa sababu mayai hayajui kusubiri. Ikipanda nyekundu, kila nyumba taa moja. Basi watu wakajifunza kuishi huku wanaangalia juu. Waliozoea kupiga pasi jioni wakahamia saa sita mchana, na mtu akikuuliza "mnaendeleaje?" unamjibu "kijani" naye anaelewa.

Bendera zile tatu alizishona Fundi wa nyumba ya saba, pindo mara mbili ili upepo usizichane. Alikuwa mshonaji tangu ujana wake, mjane, mwenye cherehani ya mota aliyoitunza kama mtu wa nyumbani. Mtoto wake wa pekee, binti, ndiye aliyechaguliwa kuangalia mitambo, maana alisomea umeme na kazini hana mchezo. Watu walimwita Bi Swichi. Akahamia chumba kidogo ubavuni mwa ghala, kwa kuwa kengele ya mitambo hulia saa yoyote, na mtu akichelewa betri zinaharibika.

Kutoka nyumba ya saba hadi ghalani ni hatua mia tatu na kumi. Fundi alizihesabu.

Siku za mwanzo alikwenda kumtembelea. Alimkuta mbele ya skrini inayoonyesha umeme wa kila nyumba, simu ameibana begani, kalamu mdomoni.

"Mama, karibu. Kaa hapo kwenye benchi. Usiguse waya huo."

Akakaa. Watu wakaingia na kutoka, huyu pampu imegoma, yule taa inapepesa. Fundi akabaki na bakuli la chakula mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Baada ya mara ya tatu hakurudi tena. Alijiambia, mtoto ana kazi, nisimkalie shingoni.

Binti naye akawa haji. Si kwa ubaya, wala msimhukumu haraka. Kila alipokutana na mama yake njiani alimkumbatia, akamwambia, "Mimi nakuona kila siku, mama. Saa kumi na mbili na nusu unawasha taa ya jikoni. Saa moja ya chumbani. Saa tatu unalala. Vyote naviona kwenye skrini. Nikiona taa yako, najua mama yangu mzima."

Fundi akacheka, akaitikia. Alipofika nyumbani akaitazama ile taa ya jikoni kwa muda mrefu. Iliangaza kiti kimoja kilichovutwa na kiti kimoja kilichosukumwa chini ya meza.

Sasa sikilizeni jambo lililomuumiza. Kila Jumamosi asubuhi watu walikusanyika mbele ya ghala, Bi Swichi akasoma matumizi ya kila nyumba, kuanzia aliyetumia zaidi kushuka chini. Wa kwanza alizomewa kwa utani, wa mwisho alipigiwa makofi. Kinyozi alikuwa wa kwanza takriban kila wiki. "Shuleni sikuwahi kushika namba moja," alisema, "niacheni nifaidi."

Wiki moja Fundi alishikwa na homa. Siku tatu hakuinuka ila kunywa maji. Hakuwasha taa, hakuwasha redio, cherehani ilifunikwa na kitambaa chake. Jumamosi alijikokota mpaka ghalani, akasimama ameshika uzio, midomo imekauka, akingoja labda mwanawe atamtazama na kushtuka.

"Na wa mwisho kabisa wiki hii," Bi Swichi alisoma huku uso umemng'aa, "nyumba ya saba! Mama yangu mzazi!"

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti wa mtaa akasema huyu ndiye mfano wa kuigwa, kila nyumba ingekuwa kama ya saba betri zingedumu miaka ishirini. Fundi akashukuru kwa kichwa. Akarudi nyumbani, hatua mia tatu na kumi, safari ile zikawa zaidi kwa sababu alipumzika njiani mara mbili.

Wiki iliyofuata alikuwa anapiga pasi kola ya shati la mteja, bendera ikageuka kuwa ya njano. Aliiona, ila kola ilibaki kidogo tu. Akasema moyoni, dakika mbili. Dakika mbili zikawa kumi. Mara mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Hodi! Nyumba ya saba, mmezidi!"

Alikuwa Bi Swichi, tochi kiunoni, amekunja uso wa kazi. Alipomwona mama yake ameshika pasi kama mwizi aliyefumaniwa, uso ukamlegea.

"Mama! Hata wewe?"

"Kola ilinibembeleza, mwanangu."

Wakacheka wote. Binti akavuta kile kiti cha pili, akanywa chai, akaeleza jinsi Kinyozi alivyoficha birika la umeme chini ya shuka la mteja, mteja akaruka na nusu ya nywele kichwani. Alikaa nusu saa nzima. Alipoondoka, Fundi hakuosha kikombe chake mpaka kesho yake.

Hapo ndipo shetani alipopata upenyo. Kwa sababu Fundi alikuwa ameelewa jambo moja: ukitumia kidogo unapigiwa makofi, ukitumia zaidi unagongewa mlango.

Alijizuia siku ishirini. Siku ya ishirini na moja, bendera ikiwa ya njano, akawasha pasi bila nguo yoyote mezani. Akaisimamisha, akaweka maji ya chai jikoni, akakaa kungoja. Binti alikuja kweli, lakini alikuwa na haraka. Alisimama kizingitini.

"Mama, pasi."

"Naizima sasa hivi. Ingia kidogo."

"Kuna paneli imelegea, nawahi. Angalia bendera, mama, tafadhali. Watu watasema nakupendelea."

Akaondoka. Alichobakiza ni alama ya kiatu chenye matope kwenye sakafu. Fundi aliifuta jioni, tena polepole.

Angekoma hapo, nisingekuwa na la kuwaonya. Lakini kulikuwa na koti. Alikuwa amepata kitambaa kizito kisichopitisha maji, akamshonea binti yake koti la mvua la kupandia paani, lenye mifuko minne ya bisibisi na koleo, na ukosi wa kufunika shingo. Alilikata kwa kumbukumbu, maana Fundi alikuwa na vipimo vya mtaa mzima kichwani, kifua cha huyu na kiuno cha yule, bila daftari. Angeweza kulituma kwa mtu. Lakini fundi gani anatuma koti lisilojaribiwa mwilini? Alitaka kulivuta mabegani kwa mikono yake, amzungushe, amwambie simama wima.

Mvua zikaingia. Siku tatu mfululizo mawingu yalitanda, bendera ya njano ikakaa juu tangu asubuhi, na betri, kama Bi Swichi alivyotangaza, zilikuwa zinapumua kwa shida. Siku ya tatu, saa moja kasoro jioni, koti likaisha kifungo cha mwisho. Fundi akalitundika kwenye msumari. Akaitazama pasi.

Akaiwasha. Dakika nne zikapita, roho ikamsuta, akaizima. Nyumba ikanyamaza, ikasikika mvua tu na saa ya ukutani. Akasubiri. Hakuja mtu. Akaiwasha tena.

Hazikupita dakika tatu, taa zikazima. Si zake peke yake. Alichungulia dirishani, akaona mtaa mzima umekuwa kiza, nyumba zote arobaini na moja. Mitambo ilikuwa imejikata yenyewe kulinda betri, na ikishajikata namna ile hairudi mpaka jua la kesho.

Akasikia mtu anakimbia kwenye matope. Ni hatua alizozijua. Akafungua mlango, koti mkononi.

"Mwanangu!"

"Mama, chomoa kila kitu, usiguse soketi!" Bi Swichi alipita mbio, amelowa mpaka mifupa, hata shingo hakugeuza.

Kisha upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti ya Mama Vifaranga. "Mayai yangu! Jamani, mayai yangu! Zimebaki siku tatu!"

Kulikuwa na mayai mia moja na themanini ndani ya mashine ile, na joto lilikuwa linashuka. Fundi alikusanya mablanketi yake yote mawili, akavuka. Akakuta majirani wanachemsha maji kwa mkaa, wanajaza chupa, wanazifunga kwa vitambaa na kuzipanga katikati ya mayai. Akapewa trei mapajani, aizungushie blanketi na aikumbatie. Wanawake sita walikaa sakafuni, kila mmoja na trei yake, taa ya mafuta katikati.

"Mimi nimezaa watano," mmoja akasema, "sikujua nitarudi kuatamia."

"Kaa vizuri, usije ukatotoa bata."

Wakacheka. Fundi naye akacheka, na hapo ndipo aibu ilipomchoma barabara, kwa maana ilikuwa miezi mingi hajakaa na watu hivyo, bega kwa bega, na moyo wake ulikuwa umefurahi. Yeye aliyezima umeme ndiye aliyekuwa anafurahi. Alitaka kusema. Mama Vifaranga akamwekea chupa ya moto na kumwambia, "Ahsante, dada, wewe una moyo," basi neno likarudi tumboni.

Kesho yake mawingu yakapasuka, umeme ukarudi, na Mwenyekiti akaita watu mbele ya ghala.

"Jana jioni, bendera ikiwa ya njano, kuna nyumba ilivuta umeme wa pasi. Nani?"

Macho yote yakamgeukia Kinyozi.

"Aa, msinitazame hivyo! Jana sikupata kichwa hata kimoja."

"Uliwahi kuficha birika," mtu akamkumbusha.

"Birika ni birika! Pasi yenyewe sina. Liangalieni shati langu!"

Shati kweli lilijieleza, lakini hakuna aliyecheka sana. Mama Vifaranga alikuwa na macho mekundu. Mtu wa nyuma akasema akatiwe laini wiki mbili, na wengine wakaitikia. Fundi alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba aliwasha pasi tupu ili mtoto wake wa kumzaa, anayeishi hatua mia tatu na kumi, aje kumjulia hali?

"Si Kinyozi," Bi Swichi alisema. Alikuwa ameshika karatasi, hakumtazama mtu. "Ni nyumba ya saba."

Macho yakamwacha Kinyozi, yakamgeukia Fundi.

"Mama yangu amekuwa mtu mzima. Alisahau pasi." Akaikunja karatasi. "Kosa ni langu, sikumfungia kidhibiti mapema. Nitamfungia leo. Mtusamehe."

Hapo hasira zote zikayeyuka, zikawa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kuzomewa. Wakamzunguka. "Pole mama, ndiyo umri huo." "Hata shangazi yangu alianza hivyohivyo, na pasi." Fundi mwenye miaka hamsini na minane, mwenye vipimo vya mtaa mzima kichwani, alisimama akishikwa mkono kama mtu asiyeijua njia ya kwake. Hakukataa. Kusahau kulikuwa na heshima kuliko ukweli.

Jua lilipokaribia kuzama binti alikuja na sanduku la vifaa. Safari hii aliingia. Akasimama juu ya kiti cha pili, akafungua kisanduku cha mita na kuanza kazi.

"Hiki ni kidhibiti," alieleza huku anafunga skrubu. "Ukizidisha, kinakata nyumba yako tu, mtaa hauguswi. Taa, redio, simu, hakuna shida. Cherehani mchana. Pasi haitawaka tena. Na mimi sitahitaji hata kuja."

Fundi alikuwa ameshika kiti kisiyumbe.

"Sikusahau," alisema.

Bisibisi ikasimama.

"Najua, mama." Sauti ya binti ilitoka ikielekea ukutani. "Niliona kwenye skrini. Iliwaka dakika nne, ikazimwa, ikawaka tena. Mtu aliyesahau hazimi."

"Basi kwa nini ukaniita msahaulifu mbele za watu?"

"Ungetaka niseme nini? Niseme mama yangu ananiita kwa pasi?" Akashuka. Macho yalikuwa na machozi, na hasira pia. "Ungesema tu, mama. Ungesema 'njoo'."

"Nilikuwa na homa siku tatu, ukanipigia makofi."

Binti akakaa, akaziangalia kucha zake zenye grisi. Fundi hakutaka kumwona hivyo, akaharakisha kulitoa koti msumarini. "Vaa nikuone."

Akavaa. Mabega yalikaa sawa, ukosi ulikaa sawa. Mikono ilikuwa mifupi kwa vidole vitatu, na kifundo cha mkono kilibaki nje. Fundi akaivuta, haikufika. Vipimo alivyokuwa navyo kichwani vilikuwa vya msichana wa miaka iliyopita, kabla hajarefuka na kukomaa kwa kuinua betri.

"Mikono yako haikukosea," binti akasema taratibu. "Ni mimi nimebadilika."

"Simama nipime upya."

Simu ya binti ikalia. Pampu ya maji imegoma upande wa juu. Akavua koti, akalikunja, akamrudishia.

"Jumapili, mama. Nakuja Jumapili, unipime vizuri, nakaa siku nzima."

Siku zilizobaki Fundi alipata wageni wachache. Mteja mmoja alituma salamu kwamba suti yake amempelekea fundi mwingine, "usije ukaiunguza, mama, pumzika." Mayai yalitotolewa sitini na manne, mengine yalitupwa. Jumapili ikafika. Alfajiri Fundi aliangalia mlingoti kabla hajanawa uso. Mawingu. Saa nne ikapanda ya njano, bendera aliyoishona mwenyewe, na akajua kuwa siku ya njano mtu wa betri hatoki ghalani ila kuwafuata waliozidisha. Hata hivyo aliandaa vikombe viwili, tepu ya kupimia akaizungusha shingoni, akakaa mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena.

Saa kumi na mbili na nusu jioni hakuwasha taa ya jikoni. Wala hakukusudia kumkomoa mtu. Mkono tu haukuinuka. Saa moja ikapita, hakuwasha ya chumbani. Alikaa gizani na koti mapajani, akaisubiri ile skrini ione kwamba nyumba ya saba haipo.

Mlango ukagongwa.

Akainuka haraka, tepu ikaanguka.

"Dada, upo?" Ilikuwa sauti ya Mama Vifaranga. "Nimekuletea blanketi zako. Nimechungulia ukutani naona kiza toka jioni, nikasema huyu leo vipi? Taa imeungua?"

"Hapana. Ni nzima."

"Basi iwashe nione pa kukanyaga, nisije nikaacha meno hapa."

Fundi akapapasa ukuta, akawasha. Mama Vifaranga alikuwa amesimama na mablanketi yaliyofuliwa, ananuka pumba za kuku, anatazama vikombe viwili mezani na macho ya mwenzake.

Simu ya Fundi ikatetemeka juu ya meza. Alisoma: *Samahani mama, betri zilinibana. Sasa hivi nimeona umewasha taa, roho imetulia. Lala salama. Jumapili ijayo.*

Akaisoma mara mbili. Akailaza kifudifudi.

Kisha akakivuta kile kiti kingine kutoka chini ya meza. Alijua mgeni huyu ndiye pekee aliyebaki anayegonga bila kuitwa, na alijua kwamba akisema, huenda naye asirudi. Akaificha mikono yake ndani ya mikono mifupi ya lile koti.

"Kaa, jirani," alisema. "Nina neno juu ya mayai yako."